Kwikwi ya mzee usiichukulie poa

Shoga yangu Rehema,

Salama? Watoto hawajambo? Huku Tanga sote wazima, joto tu ndo linatumaliza. Mengine baadae, maana nimesikiliza voisi yako asubuhi na mpaka sasa sijatulia, nikaona bora nikuandikie kwa urefu kuliko kupiga simu ikawa inakatika katika.

Umesema baba, mzee wetu, ana kwikwi tangu Jumapili. Leo Alhamisi! Na umelipitishia katikati ya habari za harusi ya Mwajuma, nikarudisha nyuma nisikilize tena, na kweli nyuma ya sauti yako nikamsikia mwenyewe, hik, kimya kidogo, hik. Analala kweli? Kwikwi ya hivo inamnyima mtu usingizi na chakula, na mtu wa sukari akiwa hali huku vidonge anameza kama kawaida, sukari inaweza kumshuka vibaya.

Mjomba alipofanyiwa upasuaji wa tumbo alipata hiyohiyo na kuna daktari kijana alitukalisha akatuelewesha vizuri sana. Kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ndo unaotuvutia pumzi. Sasa kwenye kwikwi unajikaza ghafla bila kuamriwa, hewa inaingia kwa nguvu, na hapohapo koo linajifunga, ndo ile hik. Na mishipa ya fahamu inayohusika inatoka kichwani na shingoni, inapita kifuani mpaka tumboni, njia ndefu kweli, kwahiyo ikisumbuliwa popote pale kwikwi inakuja. Mara nyingi ni tumbo tu limejaa, umekula haraka, umekunywa soda, pilipili imezidi, pombe kwa wanaokunywa. Hiyo inaisha yenyewe. Ukibana pumzi kidogo inasaidia maana ile hewa chafu ikipanda kwenye damu kiwambo kinatulia, au unakunywa maji baridi kwa mafunda madogo madogo. Kijiko cha sukari nacho watu kinawasaidia, ila mwambie Bi Kidawa asimpe baba, mtu wa sukari jamani. Na Baba Salma aache leoleo kumshtua mzee kwa nyuma, mtu wa presha, umri ule, hashtuliwi.

Halafu hilo la kubandika uzi kwenye paji la uso ili kwikwi ikome, kwa kichanga cha Mwajuma sijali, vichanga kwikwi ni kawaida yao hata tumboni wanapata, amcheulishe tu akishanyonya, amsimamishe begani. Lakini baba sio kichanga.

Ninachotaka ushike ni hiki, kwikwi ikipita saa 48 sio ya kutibiwa sebuleni tena. Inatakiwa itafutwe inatoka wapi. Kwa mzee mi kinachonitisha ni figo, sukari ya miaka mingi inaharibu figo, na figo zikichoka uchafu unajaa kwenye damu na kwikwi ni moja ya dalili. Inaweza pia kuwa chumvi za damu zimevurugika, au kiungulia tu cha asidi kupanda, au dawa. Si uliniambia walimpa dawa mpya? Zile za steroidi, za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni zinajulikana kabisa kuleta kwikwi. Usimwachishe mwenyewe lakini, beba makasha yote mpaka za mitishamba mwoneshe daktari.

Na huko kucheua unakosema, kila mtu anasema gesi, gesi. Ni kweli kucheua ni hewa inayorudi, nyingi tunaimeza wenyewe tukila mbiombio na kuongea mdomo umejaa, na baba unamjua kwa kuongea mezani. Ale taratibu, kidogo kidogo, asilale hapohapo. Ila kumpa soda eti acheue apate nafuu hapana, soda yenyewe ndo gesi, na sukari yote ile! Kama anacheua na tumbo linamchoma, au anapungua mwili, au choo cheusi, sema vyote huko hospitali.

Najua atakataa. Atasema kwikwi haijawahi kuua mtu. Na kweli kuna mmarekani, Charles Osborne wa Iowa, alianza kwikwi mwaka 1922 akimpima uzito nguruwe na haikukoma mpaka 1990, miaka 68, akaoa na watoto juu. Msimulie acheke, halafu mvalishe viatu mwende. Hofu yangu sio kwikwi, ni kilichoileta.

Tena usiende duka la dawa kuomba dawa ya kwikwi. Zipo, mjomba alipewa ikatulia, lakini zinalegeza na kushusha presha, daktari ndo apime. Na ukiona mdomo unakwenda upande, maneno yanakokota, kifua kinabana au anashindwa kumeza, usisubiri kesho, hata usiku mwamshe Baba Salma atoe gari.

Hivi alipima figo lini mara ya mwisho? Mkojo anapata vizuri? Miguu haijavimba? Sukari mmempima leo ni ngapi? Hiyo dawa mpya inaitwaje, na alianza kabla ya Jumapili au baada? Bima yake bado hai au niongee na kaka tuchangishane ya vipimo? Nani atakwenda nae, maana wewe na mtoto mgongoni utahangaika, nimtume Hadija apande basi la asubuhi? Nijibu hata neno moja, simu nakaa nayo mkononi.

Wako,
Zuhura