"Quite" ilivyoniponza

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi latumaliza. Barua yako nimeipata, na nimecheka. Wauliza kwa nini mwalimu kakukatia "very excellent" kwa wino mwekundu, na mbona kila ukiuliza tofauti ya maneno haya ya Kiingereza, "very", "quite", "too", "rather" na wenzao, waambiwa yote maana yake ni "sana". Si kweli. Mimi yalishaniaibisha zamani.

Wajua kazi yangu ni kutembeza wageni Mji wa Kale. Mwaka wa kwanza nilipata mzee mmoja wa Kiingereza. Tulipotoka Fort Jesus nikampeleka kula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama mmoja wa mtaani. Nikamuuliza, chakula vipi? Akajibu, "quite good". Mie mbio jikoni: "Mama, asema kitamu kabisa!" Mama kwa furaha akampakulia sahani ya pili. Maskini mzee akaidonoa kwa adabu, akaiacha. Kumbe alikuwa amesema "si kibaya".

Nikajiambia, haya, leo nimejua: "quite" yapunguza. Kesho yake nikamuomba tukutane kivuko cha Likoni saa nane. Akasema, "That's quite impossible". Nikaelewa ni vigumu kidogo, atajitahidi. Nilimngoja pale na jua lile mpaka alasiri. Hakuja, wala hakuwa na kosa: aliniambia haiwezekani kata kata.

Neno moja, jana lapunguza, leo lakaza. Siri imo katika neno linalofuata. Uzuri una ngazi, kitu chaweza kuwa kizuri kuliko kingine, na hapo kwa Waingereza "quite" mara nyingi husimama katikati ya ngazi. Lakini "impossible" haina ngazi. Jambo ama lawezekana ama haliwezekani, basi "quite" yapiga muhuri. Halafu Mmarekani akikwambia "quite good", huyo amesifu kweli. Kwa hivyo muulize mgeni katoka wapi kabla ya kukimbilia jikoni.

Na "very excellent" ni mambo hayo hayo. Sisi twasema "amechoka sana", lakini nani umemsikia akisema "amekufa sana"? Amekufa kabisa. "Excellent" imeshafika kileleni, haipandi tena, kwa hivyo "very" haina kazi hapo. Ipe "absolutely", ndiyo "kabisa" yao. Chai ni "very hot", lakini ikitokota ni "absolutely boiling".

Jihadhari na "too". Sisi wa pwani "mno" twaitumia kusifu, "mzuri mno", "asante mno", kisha twaigeuza Kiingereza moja kwa moja na kumwambia mtu chakula chake ni "too sweet". Yeye asikia umelalamika kuwa sukari imepita kiasi. "Too" kawaida ni ile mno ya kuzidi hadi kuharibu.

"Fairly" na "rather" ndizo nizipendazo, maana zafichua moyo wa msemaji. Maji ya kuoga yakiwa "fairly warm", ameridhika. Soda ikiwa "rather warm", lete barafu upesi. "Rather" mara nyingi huja na kinyongo kidogo, au mshangao: "rather nice" ni nzuri kuliko alivyotarajia.

Usishtuke pia mtu akisema "terribly sorry" au "awfully kind". Maneno hayo zamani yalibeba kitisho, sasa yamebaki kukaza tu. Vijana wetu si wasema "mzuri balaa", "mtamu hatari"? Hata "very" yenyewe yatokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kweli, kama sisi na "kwelikweli". Watu wa kila lugha huapa ili waaminiwe, kiapo kikichakaa watafuta kingine.

Yaliyobaki yataka kukaririwa tu, sheria haina msaada. Baridi ni "bitterly cold", aliyelala ni "fast asleep", giza ni "pitch dark". Usiulize kwa nini. Nasi twalala fofofo, twalowa chapachapa, giza letu ni totoro, na mgeni akisema amelala chapachapa tutamcheka mpaka kesho. Mimi nayaandika nyuma ya daftari la wageni, kila neno na mwenzake. Fanya hivyo hivyo, usikariri orodha ya neno moja moja.

Nisalimie mama. Ukija Idi niletee halua, ile ya mara ya mwisho ilikuwa "absolutely delicious". Na barua yako, shoga, ilikuwa "rather short".

Ni mimi shogayo