Tai wa Novemba sio wezi wa vifaranga

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi nafuga kuku wa kienyeji huku Luchelele, Mwanza, naomba kanafasi kidogo niongelee ndege, najua mtasema huyu mama vipi.

Kila mwaka mvua zikishaanza, mwisho wa Oktoba hivi mpaka Novemba, juu ya haya mawe yetu wanatokea tai wanazunguka zunguka bila hata kupiga bawa, na huku mtaani kila mtu ana lake, kuna anayesema ni mkosi kuna mtu atakufa, kuna anayesema mwewe wameongezeka ingizeni vifaranga ndani. Mi nilikuwa kundi la pili. Mwaka juzi jirani yangu kaibiwa vifaranga, akapaka dawa ya shamba kwenye utumbo wa kuku akautupa nyuma ya nyumba, siku mbili baadae tukakuta lidege likubwa limelala kifudifudi, mabawa ukiyanyoosha karibu yafike urefu wa mlango, na mbwa wa watu naye chali. Mwewe aliyekula vifaranga mpaka leo yupo, namwona.

Mwanangu wa dada anaendesha watalii Serengeti, alikuwa amekuja kunisalimia, akamgeuza kwa kijiti akanionyesha ule mstari wa njano wa mdomo unapita mpaka nyuma ya jicho, utadhani anacheka. Akaniambia mama mdogo huyu sio mwewe, huyu ni tai wa nyika, katoka Urusi au Kazakhstan huko. Nikabisha. Akasema mwewe mwangalie mkia, una panda kama ya manati, anaugeuza geuza kama usukani, huyu mkia wake wa duara. Tangu hapo naangalia mikia kila siku, mume wangu kachoka.

Kumbe kule kwao baridi ikianza chakula kinapotea, basi wanashuka wengi ajabu. Pale Bab el-Mandeb, kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, mwaka 1987 walihesabiwa tai wa aina hii zaidi ya 76,000 wakivuka kuja Afrika. Wanavuka pale kwa sababu maji ni membamba, kilomita kama 30 tu. Ndege mzito hivyo hawezi kupiga mabawa safari nzima, anategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, inamwinua juu kama lifti afu anateleza kwenda mbele mpaka akute nyingine. Juu ya maji mchana hewa hiyo ni hafifu. Sasa piga hesabu, ziwa letu kulikata katikati ni zaidi ya kilomita 200, nani atajaribu, bora ufuate nchi kavu, na mawe yetu jua likishayachoma saa nne tano hivi ndio lifti zenyewe.

Halafu kuna kituko, watafiti wa Urusi waliwavalisha tai vifaa vinavyotuma meseji za mahali walipo, mwaka 2019 mmoja anaitwa Min akakaa kiangazi chote Kazakhstan sehemu haina mtandao, alipofika Iran meseji zote zikamwagika kwa pamoja kwa bei ya huko, hela ya wale watafiti ikaisha wakaanza kuchangisha. Hata tai anamaliza vocha ya mtu jamani.

Wanachofuata huku sanasana ni kumbikumbi. Ndio, hawa hawa tunaowategea beseni la maji chini ya taa. Mvua ikikatika asubuhi utamkuta tai mzima anatembea kwenye majani anadonoa kama kuku wangu, hana hata aibu. Mizoga pia anakula, ndio maana ule utumbo ulimpata. Na hao tai tangu 2015 wameandikwa kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, kwao kule nguzo za umeme zinawapiga shoti, waje kumalizwa na utumbo wa Luchelele kweli?

Wafugaji wenzangu, mimi vifaranga nawafunika kwa tenga wiki za mwanzo, kipande cha wavu juu ya banda, basi. Na tuambiane ukweli, mwewe anachukua mmoja leo mmoja kesho, ugonjwa wa kideri unalaza banda zima, ile chanjo ya matone ya jichoni kila miezi mitatu wangapi tunakumbuka? Hela ya sumu inatosha kabisa kununua chanjo hiyo.

Mhariri, nyumbu wa Serengeti mnawaandika kila mwaka, hawa nao wapeni hata kasafu kamoja Oktoba kabla watu hawajaanza kusambaza habari za mkosi. Mwaka huu nitakuwa kwenye mawe huku kuanzia saa nne asubuhi, mapema zaidi ya hapo hakuna kitu, mwenye darubini aje nayo maana ile niliyoazima mwenyewe kaichukua.

Mama wa kuku,
Luchelele, Mwanza