Bastola Haijazeeka, Angalia Magazini Kwanza

Mzee mmoja, afande mstaafu, aliingia karakanani kwetu hapa Kampala na Browning Hi-Power yake ndani ya mkoba wa ngozi. "Hii imezeeka kama mimi," akasema. "Kila risasi ya tatu au ya nne inakwama. Nipigieni tupa hapo risasi inapoingilia."

Tukamwomba magazini, yaani vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini. Alikuwa nazo mbili, ila moja hakuwahi kuitumia kwa sababu ni ya akiba. Tukaenda naye uwanja wa shabaha, tukaweka ile ya akiba, zikatoka risasi zote 13 bila kusita. Tupa ikabaki kwenye droo.

Bastola hii ina umri, ni kweli. John Browning alifariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla hajaimaliza, Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN akaikamilisha, ikatoka 1935. Jeshi la Uingereza limeitumia kwa miongo kadhaa hadi Glock 17 ilipoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2013. Silaha ya namna hiyo haifi kirahisi. Kinachochoka ni springi, na midomo ya magazini inayoshika risasi ya juu. Ikidondoka sakafuni mara mbili tatu, midomo inapinda kidogo tu, jicho halioni, lakini risasi inapanda imeelekea pembeni. Ziandikie magazini zako namba kwa rangi, 1, 2, 3. Ikikwama, utajua ni ipi.

Ukinunua nyingine, uliza vizuri. FN walitoa High Power mpya mwaka 2022, jina karibu lilelile, lakini magazini zake haziingiliani na za zamani. Kuna aliyekuja nazo tatu, amelipa tayari. Tulimwonea huruma tu.

Jambo jingine ni risasi. Hi-Power za mwanzo ziliundwa kwa risasi za kijeshi zenye ncha ya mviringo. Ukizilisha zenye tundu kwenye ncha zinaweza kugota kabla ya kufika chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa. Hapo dawa ni kubadili risasi, tena bei yake ni ndogo kuliko mtutu uliokwisha kuharibiwa kwa tupa. Na kama risasi zako ni za jeshi za miaka mingi, baadhi huacha chumvi ndani ya mtutu. Oili haiyeyushi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayoyeyusha, kisha unakausha kabisa, ndipo oili. Wenye kushtuka wakisikia maji na chuma hapa ndipo hushtuka, lakini kutu inayokuja wiki ya pili ni mbaya zaidi.

Oili yenyewe iwe matone machache kwenye reli za slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma. Ikizidi, vumbi letu jekundu linageuka tope humo ndani. Mafuta ya kupikia (ndiyo, tumeyaona) yanaganda kama gundi. Na mkoba wa ngozi ni wa kubebea tu. Msimu wa mvua ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma, kwa hiyo usiku bastola ilale nje ya mkoba, ndani ya sefu.

Wengi hutuletea pia "ugonjwa" ambao si ugonjwa: magazini ikitolewa, triga haiangushi nyundo. Iliundwa hivyo. Usiitegemee lakini, kabla ya kusafisha toa magazini, vuta slaidi, chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi ziwe chumba kingine.

Kwetu tunapima springi, tunabadilisha zilizolegea, tunasafisha na kukagua kila magazini. Njoo na cheti chako cha umiliki. Tunalinganisha namba ya silaha na karatasi kabla hatujaigusa, na asiye na cheti tunamrudisha hata akiwa rafiki. Bastola ije tupu. Magazini njoo nazo zote, hasa ile unayosema haina shida.