Asante, dereva wa lori la mbuzi

Kaka, jina lako hatukulipata, na kule Chalbi simu hazikushika mtandao. Sisi ndio wale Watanzania wa Dar tuliotoka Marsabit alfajiri kwenda North Horr. Jangwa lile, kaskazini mwa Kenya, zamani lilikuwa ziwa: juu chumvi imekauka nyeupe pee, chini, mvua ikishapita, tope tupu. Gari letu likazama hadi ekseli.

Ulisimamisha lori bila kuuliza sisi ni nani. Ukachutama, ukatoa upepo kila tairi kwa njiti, huku ukilibonyeza kwa dole gumba mpaka uridhike. Utingo wako akafukua tope kwa sahani ya bati, mkatandika magunia. Ukamwambia dereva wetu, "Gia ya pili, polepole, usikate usukani." Tukachomoka!

Hela ulikataa katakata. Ulipokea maji tu, nayo ukampa utingo kwanza. (Mbuzi wako, samahani, walitupigia kelele muda wote.)

Mama yangu hapa Mbagala anakuombea kila swala. Ukija Dar, wali wa nazi na samaki wa Feri ni juu yetu, wewe na utingo wako.