Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Historia ya Umwagiliaji Nchini Indonesia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama wote wa klabu tunakukaribisha Morogoro, na tunakushukuru kwa kukubali kuacha shughuli zako uwe nasi leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo waliotuuliza kwa nini maonyesho ya mwaka huu yamekwenda hadi Indonesia. Jibu liko Mkindo, mkoani kwetu. Pale kipo kituo cha mafunzo ya wakulima kilichoanzishwa mwaka 1996 kwa michango ya wakulima wa Indonesia. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1980, wakulima wa nchi hiyo walichanga zaidi ya tani 100,000 za mpunga kwa ajili ya Waafrika waliokumbwa na njaa. Tukajiuliza: wakulima wa jembe wanaoweza kutoa kiasi hicho, mpunga huo waliupataje? Tulipoanza kusoma tukakuta kila njia inaturudisha kwenye maji, na kwenye swali la nani anayeyagawa.

Habari yenyewe ni ya kale. Karibu na Jakarta lilipatikana jiwe la Tugu, lenye maandishi ya karne ya 5, linaloeleza kwamba Purnawarman, mfalme wa dola ya kale ya Tarumanagara, alichimbisha mfereji wa Gomati kwa siku 21, kisha akawapa Wabrahmini, yaani makuhani wa Kihindu, ng'ombe 1,000. Huko Kediri, mashariki mwa kisiwa cha Java, maandishi ya Harinjing yanamkumbuka Bhagawanta Bari na ukuta wa kuzuia maji uliojengwa mwaka 804. Kisiwani Bali, maandishi ya Bebetin ya mwaka 896 yanataja mafundi wa kuchimba mahandaki ya kupitishia maji. Umwagiliaji wa huko, kwa hiyo, haukuletwa na mkoloni.

Mkoloni alileta kitu kingine. Kuanzia mwaka 1830 Waholanzi waliwalazimisha wanakijiji wa Java kulima mazao ya kuuza Ulaya, miwa ikiwemo, na muwa na mpunga hunywa mfereji mmoja. Katika maeneo ya viwanda vya sukari ukawekwa utaratibu wa mchana na usiku: mchana maji yaende kwenye miwa, usiku yaende kwa mkulima wa mpunga. Tunaomba wageni wetu waufikirie utaratibu huo. Mtu aliyefanya kazi kutwa ndiye aliyetakiwa akeshe gizani akilinda zamu yake. Njaa ya Demak na Grobogan ya mwaka 1848 hadi 1850 iliua watu wengi mno, na baada yake ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga banio la Glapan, yaani kizuizi cha kuelekeza maji mferejini, kwenye mto Tuntang. Mwaka 1901 Uholanzi ilitangaza sera mpya ya kuwajali wenyeji, umwagiliaji ukiwa miongoni mwa nguzo zake tatu. Mabanio yaliongezeka, lakini viwanda vya sukari viliendelea kunywa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu iliyotushika kuliko zote ni Bali. Wakulima wa huko wanaotumia mfereji mmoja huunda chama kiitwacho subak, chini ya kiongozi wao, pekaseh. Maji hugawanywa kwa gogo lililochongwa mapengo na kulazwa mferejini, kila pengo likiwa na upana unaolingana na haki ya shamba. Subak za bonde moja hukutana kwenye hekalu la maji na kupanga nani apande lini. Juu ya mahekalu hayo lipo la Ulun Danu Batur, karibu na ziwa la volkano.

Tuliuliza darasani: mkulima wa juu ana maji muda wote, kwa nini amwachie wa chini? Jibu ni wadudu na panya. Bonde zima likivuna na kupumzika kwa pamoja, wadudu hukosa chakula wakafa. Wa chini akikosa maji, atapanda kwa wakati wake, na wadudu watapanda mlima kutoka shambani kwake hadi kwa wa juu. Mmoja anahitaji maji, mwenzake anahitaji usalama wa mazao, na hekaluni ndipo wanapopatana. Mwanaanthropolojia Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer waliupima mpango huo kwa kompyuta, wakaona unatoa mavuno mazuri.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliwahimiza wakulima wapande mbegu mpya za muda mfupi mfululizo, bila kungoja kalenda ya hekalu. Mavuno yalipanda, kisha wadudu na magonjwa yakafuata. Wakulima walipoomba kurudia zamu zao, walionekana wanang'ang'ania ya kale. Benki ya Maendeleo ya Asia, iliyokuwa imefadhili mradi wa umwagiliaji huko, ilikuja kukiri umuhimu wa mahekalu ya maji katika ripoti yake ya mwaka 1988. Mwaka 2012 UNESCO iliziingiza subak katika Urithi wa Dunia.

Hatusemi kwamba kazi za serikali zilikuwa bure. Bwawa la Jatiluhur kwenye mto Citarum, lililozinduliwa mwaka 1967, linanywesha zaidi ya hekta 200,000, na mwaka 1984 Indonesia ilijitosheleza kwa mchele. Tunachosema ni kwamba anayelala shambani akisikiliza maji anajua jambo ambalo ramani haionyeshi, na alipaswa kuulizwa kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni usafiri wa kwenda Mkindo. Wapo wazee waliokuwepo kituo kilipoanza, nasi tungependa kurekodi kumbukumbu zao wakingali hai. La pili ni ramani na vitabu, kwani maktaba yetu haina kitabu hata kimoja kuhusu Asia ya Kusini-Mashariki.

Kwenye meza ya kwanza utaona mfano wa gogo la kugawia maji, uliochongwa na wanafunzi wa kidato cha tatu. Tunakuomba umimine maji wewe mwenyewe, na kwa kufanya hivyo ufungue rasmi maonyesho yetu.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Historia na Jiografia