Ng'ombe amechanjwa, bado anachechemea

Mhariri,

Nilichanja ng'ombe wangu wote, karantini ikafunga mnada, na bado dume langu likaanza kutoa udenda na kuchechemea. Jirani akasema dawa ile ilikuwa maji matupu. Huenda. Lakini kuna jambo ambalo wafugaji hatuelezwi: virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vina aina 7, na kinga ya aina moja haimlindi mnyama dhidi ya nyingine.

Binadamu naye yumo humo humo. Mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilipozuka Mubende, hapa kwetu Uganda, chanjo iliyokuwepo ilikuwa ya aina ya Zaire. Haikutufaa.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia, katika kutafuta chanjo inayolingana na aina ya kirusi. Watafiti husoma vinasaba vya kirusi, wakavilinganisha na vya virusi vingine maelfu, kisha programu ikakisia ni vipande gani vya protini ambavyo seli za kinga, za mtu au za ng'ombe, zitavitambua. Ni kukisia tu, maabara lazima ithibitishe. Ila badala ya kupima vipande lukuki, unapima vichache.

Makerere inafundisha kazi hii, na Entebbe kuna taasisi ya virusi tangu 1936. Sampuli tunazo sisi, zizini. Naomba daktari wa mifugo akishachukua damu na ute, majibu yarudi kijijini: imepatikana aina gani, na chupa ya chanjo ina zipi. Mimi hadi leo nimepewa risiti tu.

Mfugaji,
Nakasongola