Kabla hujaweka fyuzi ya tatu, nunua testa ya taa

Sentensi tunayoisikia sana gereji kwetu, boneti ikiwa bado haijafunguliwa, ni hii: "Fundi, fyuzi nimeshabadilisha mara mbili, inaungua tena." Anayeisema mara nyingi ana pakiti ya fyuzi mpya mkononi, na safari hii anataka kuweka yenye ampea nyingi zaidi, yaani inayoruhusu umeme mwingi zaidi kupita, "ili isisumbue." Tafadhali usiiweke. Tupe dakika chache kwanza.

Tunaishi kwa kutengeneza umeme wa magari, kwa hiyo utashangaa tukikuambia kwamba kazi nyingi zinazotufikia ungeweza kuzianza mwenyewe, kwa kifaa kimoja kidogo kuliko tochi. Wengine hukiita taa ya kupimia, sisi tunakiita testa ya taa. Kina mpini wa plastiki unaopitisha mwanga, ndani yake balbu ndogo, mbele ncha ya chuma iliyochongoka, na nyuma waya wenye klipu ya meno mwishoni. Hakina betri wala kioo cha namba wala kitufe cha kubonyeza. Klipu inabana chuma cha bodi, ncha inagusa pale unapotaka kupajua. Umeme ukiwepo, balbu inawaka.

Usichanganye kifaa hiki na ile bisibisi yenye taa ndani ambayo mafundi wa majumbani huiweka mfuko wa shati. Ile ina kitaa cha gesi ya neoni kinachohitaji makumi ya volti ndipo kiwake, na mwili wako ndio unaokamilisha njia ya umeme unapoweka kidole juu ya mpini. Kwenye gari la volti 12 haitawaka hata ukiigusisha kwenye betri yenyewe, na wako waliokwisha kutangaza betri nzima kuwa imekufa kwa sababu hiyo tu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: testa ya gari usiipeleke kwenye soketi ya ukutani. Balbu ya volti 12 ikipewa volti 230 inapasuka papo hapo, na wewe ndiye uliyeishika.

Hatua ya kwanza kila siku, hata kama jana ilifanya kazi: ipime testa yenyewe. Klipu kwenye kichwa hasi cha betri, ncha kwenye kichwa chanya. Iwake vizuri, ndipo uendelee. Balbu yake nayo huungua, na waya wake hukatikia ndani karibu na klipu, kwa sababu pale ndipo unapokunjwa kila siku. Nimewahi kutafuta "umeme uliopotea" kwenye gari la mteja kwa karibu saa nzima, kumbe aliyekufa alikuwa testa. Hilo sijalirudia.

Sasa fyuzi. Fyuzi za kisasa za miguu miwili bapa zina vitundu viwili vidogo mgongoni, kimoja kila upande, na ndani yake utaona chuma kinang'aa. Viliwekwa kwa ajili hii hasa: kupima bila kuing'oa. Bana klipu kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu, washa swichi ya gari kwa sababu fyuzi nyingi hazipati umeme swichi ikiwa imezimwa, kisha gusa kitundu kimoja, halafu cha pili. Ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima na tatizo liko mbele yake. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka upande wowote, usiilaumu fyuzi, umeme haujaifikia kabisa: rudi nyuma uangalie swichi, relei (swichi inayowashwa na umeme wenyewe), au ile fyuzi kubwa iliyo karibu na betri.

Kwa namna hii unalipitia sanduku zima la fyuzi 30 au 40 kwa dakika mbili tatu. Aliyezoea kung'oa moja moja na kuinua juani atachukua nusu saa, atarudisha mbili mahali pasipo pake, na bado macho yatamdanganya. Uzi wa fyuzi unaweza kupata ufa mwembamba kama unywele, pale pale unapoingia kwenye mguu, usionekane hata kwa miwani. Ukiitazama ni nzima, lakini umeme haupiti.

Tukifika hapo mteja huuliza: basi nikiikuta imekatika naweka nyingine, si ndiyo? Ndiyo, moja, na ya ampea zile zile. Rangi zitakusaidia: kahawia ni 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Ukubwa huo hauangalii redio au taa zako, unaangalia unene wa waya. Ukiweka ya kijani palipoandikwa 15, umeutuma waya ufanye kazi ya fyuzi, na waya haukatiki kistaarabu. Unapata moto ndani ya zulia au nyuma ya dashibodi, mahali usipoweza kupaona, huku fyuzi yako ya ampea 30 imetulia tu. Vipande vya msumari na karatasi ya sigara tumevikuta pia mahali pa fyuzi. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Ile mpya nayo ikiungua, acha kununua. Mara nyingi kuna shoti: waya wenye umeme unagusa chuma mahali fulani. Hapa ndipo testa ya taa inapotushinda hata sisi na vifaa vyetu vya gharama, na mbinu yake ni nzuri kiasi kwamba nasikitika kuona watu wachache wanaijua. Ng'oa fyuzi iliyoungua, kisha weka testa mahali pake: klipu kwenye upande mmoja wa nafasi ya fyuzi, ncha kwenye upande wa pili. (Klipu haitaingia ndani ya tundu; chomeka kipande bapa cha shaba, au mguu uliokatwa wa fyuzi mbovu, uubane huo.) Sasa umeme wote wa mstari ule lazima upitie kwenye balbu ya testa. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zote, na hakuna kinachoungua, kwa sababu balbu ya wati 5 hairuhusu zaidi ya karibu nusu ampea kupita. Fyuzi ingekuwa imeshakatika mara kumi. Testa inaendelea kuwaka na kukusubiri utafute, na itazimika pale tu utakapoitenga shoti.

Mtu mmoja alituletea gari ambalo fyuzi ya taa ndogo za nyuma iliungua kila alipowasha taa usiku. Alikuwa ameshamaliza nne za buluu, ya tano akaweka ya kijani, na alipopanda garini akasikia harufu ya plastiki. Bahati yake alizima haraka. Tulitoa kwanza balbu zote za mstari ule, maana balbu nzima nazo hupitisha umeme na zitaiwasha testa ukadhani ni shoti. Tukaweka testa mahali pa fyuzi, tukawasha taa. Testa ikawaka kama kawaida. Tukachomoa kiunganishi cha taa ya kushoto: bado inawaka. Cha kulia: bado. Kijana wetu akaenda nyuma kuchomoa cha taa ya namba, akainua mlango wa buti, na mimi niliyekuwa mbele nikaona testa imezimika. "Umegusa nini?" Hajagusa kitu. Akaushusha mlango, ikawaka. Akauinua, ikazimika.

Hapo kazi imekwisha, hata kama bisibisi haijatumika bado. Kwenye bawaba ya buti kuna mpira unaobeba nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni, nazo hukunjwa kila buti linapofunguliwa. Tulipouvuta ule mpira tulikuta waya mmoja umechubuka urefu wa punje ya mchele, shaba inaonekana, na pembeni yake kwenye chuma pana doa jeusi la cheche. Tulikata sehemu mbovu, tukaunga kipande kipya kwa kuchomelea risasi, tukavalisha mpira, tukarudisha fyuzi ya buluu. Kama gari lako linaunguza fyuzi ya nyuma, anza kwenye bawaba ya buti. Kama ni ya vioo au spika za mlango, anza kwenye mpira ulio kati ya mlango na bodi. Waya usiosogea huchubuka kwa nadra.

Kuna swali tunaloulizwa na wale wanaopenda vifaa: kwa nini taa, wakati multimita ya dijitali inakupa namba kamili? Tunayo, na tunaitumia kila siku. Hali ya betri, kwa mfano, taa haitakueleza; lazima uone kwamba ina volti 12.6 ikiwa imetulia na imejaa, au kwamba alteneta, ile jenereta inayochaji betri, inatoa 14 na kidogo injini ikiwaka. Lakini multimita ina udhaifu mmoja unaowapoteza watu. Haivuti umeme, au inavuta kidogo sana hata hauhesabiki. Kwa hiyo waya ulioliwa na kutu mpaka ukabaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi kabisa. Ni kama bomba lililoziba ambalo bado linadondosha tone: ukiliziba kwa kidole utasikia msukumo umejaa, lakini ndoo haitajaa.

Feni ya rejeta ndiyo inayotuletea kisa hiki mara kwa mara. Haizunguki, mtu anachomoa kiunganishi, anapima, anaona 12.4, anahitimisha kwamba mota ya feni imekufa, ananunua nyingine, anaifunga, nayo haizunguki. Ukiweka testa ya balbu kwenye kiunganishi kile kile, inawaka wekundu hafifu kama kaa linalokaribia kuwa jivu. Umeme upo, nguvu haipo. Fuata waya kurudi nyuma, gusa kila kiungo njiani, mpaka ufike pale mwanga unapobadilika kutoka wekundu kuwa mweupe. Kati ya sehemu hizo mbili pana kutu ya kijani au pini iliyolegea.

Na usisahau upande wa pili wa safari. Umeme ukishafanya kazi lazima urudi kwenye betri, na kwenye gari unarudi kupitia bodi. Kupima njia hiyo unageuza tu: klipu kwenye kichwa chanya cha betri, ncha kwenye waya wa erthi (ule unaorudisha umeme kwenye bodi) unaoutilia shaka. Ikiwaka kwa nguvu, erthi ni nzuri. Ikiwa hafifu, tafuta boliti iliyofungwa juu ya rangi au kutu, ifungue, kwangua mpaka chuma king'ae, ikaze tena. Indiketa inayowaka pamoja na taa ya breki, taa zinazofifia ukipiga honi, hayo mara nyingi ni matatizo ya erthi.

Sasa mahali pa kutoingiza ncha hiyo. Mifuko ya hewa ya usalama, ambayo viunganishi vyake kwa kawaida ni vya njano, usiiguse kwa testa ya aina yoyote. Umeme kidogo tu unaweza kuulipua mfuko uso wako ukiwa mbele yake. Nyaya za sensa na za kompyuta ya gari hufanya kazi kwa volti 5 au chini, na balbu yenye njaa ya nusu ampea inaweza kuiunguza kompyuta. Kwa nyaya hizo kuna testa za taa ya LED, zinazovuta umeme kidogo mno, na hata hizo tumia ukiwa na mchoro wa nyaya mbele yako. Kebo nene za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi na ya umeme zina mamia ya volti. Hizo si za testa na si za kujifunzia.

Ukienda kununua, chagua ya balbu ya kawaida kwanza, ya LED baadaye. Angalia waya uwe mrefu wa kutosha kufika nyuma ya gari au angalau kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku la fyuzi, na klipu iwe na springi ngumu. Ncha ndefu sana haina faida. Inateleza na kugusa chuma cha jirani. Tabia ya kutoboa ngozi ya waya ili upime iache, au ukilazimika, ziba tundu hilo kwa gundi au tepu kabla maji hayajaingia na kuanza kuila shaba.

Ukijaribu yote haya na bado hujapata jibu, tuletee gari, na ukija usiitupe fyuzi iliyoungua. Ifunge kwenye karatasi, uandike ilitoka nafasi namba ngapi. Ikiwa ndani imetapakaa weusi na uzi umetoweka wote, tutaanza kutafuta shoti. Ikiwa uzi umeyeyuka katikati tu na plastiki ni safi, kuna kitu kinavuta umeme kuliko uwezo wake, pengine mota inayokaza au kifaa ulichoongeza. Na ikiwa uzi ni mzima lakini plastiki imeyeyuka kwenye mguu mmoja, fyuzi haina kosa. Tundu lake limelegea, na tutafungua sanduku lenyewe.